Chumba cha Ata na Kahawia Mbili

Mabinti wa brashi, nawasalimu nyote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja anajijua. Jana alituma picha kwenye kundi letu la simu. Vibao viwili vimepakwa rangi ya kahawia, vimeegemezwa ukutani huko Kakuma, na chini ameandika: "Jameni, brauni si ni brauni tu? Nichukue yoyote nimalize hiki chumba?" Nilikuwa nakoroga maharagwe. Nusura simu iingie sufuriani.

Brauni si ni brauni tu! Nenda kwa mfugaji yeyote kati ya Lodwar na Lokichoggio, umwambie mbuzi wake wa kahawia na mbuzi wa kahawia wa jirani ni sawa tu, kisha ufungue wa jirani uondoke naye. Utakimbia mpaka Sudan Kusini, na mpakani watakurudisha.

Basi kaeni chini. Maharagwe yaungue yakitaka. Nataka kuwaambia habari za chumba kimoja hapa Lodwar ambacho kilinifanya nipige kelele, nilie kidogo, kisha nicheke mpaka mtoto akaamka mgongoni. Hicho chumba kilikuwa na kahawia mbili zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja, na juu ya hizo kahawia mbili yalikuwa yamening'inia maisha ya mwanamke mzee ambaye karibu tumpoteze.

Najua mnacheka nikijiita mstaafu. Mstaafu gani ananyonyesha? Lakini nilishika brashi nilipotoka tu kidato cha nne, na mwaka huu nimeiweka chini kwa sababu kifua cha kitinda mimba wangu hakipatani na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi. Mikono imestaafu. Mdomo bado uko kazini, na leo mtausikia.

Chumba chenyewe kilikuja hivi. Asubuhi moja, wakati Naomi wangu wa kwanza alikuwa bado wa kubebwa, mwanamume alisimama kwenye lango langu.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok noi."

"Mama, fundi wa rangi yuko?"

"Yuko."

"Niitie basi."

"Amekuja."

Akaangalia nyuma yangu. Akaangalia ndani ya nyumba. Akamwangalia Naomi, nadhani alifikiri labda ndiye. Mimi nimesimama pale na rangi ya kijani kwenye nyusi! Hii mtaipata, mabinti, mtaipata mpaka mzeeke. Msijibu kwa adabu. Nilimwambia, "Kama unatafuta fundi mwenye ndevu, nenda sokoni, wako wengi wamekaa. Kama unatafuta ukuta uliopakwa, sema unakaa wapi."

Akacheka, nikamsamehe. Jina lake Ekai, dereva wa boza, lori la kubeba maji. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili mtaani Kanamkemer, ya mawe, mabati juu, saruji chini. Kisha akamleta mama yake kutoka upande wa Nariokotome, huko juu ziwani, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimemaliza mbuzi wa mama wote, na dada aliyekuwa akiishi naye alikuwa amefariki. Kule hakukuwa na mtu tena. Ekai akampa mama chumba kimoja. Akakipaka nyeupe, akaweka kitanda, neti, na godoro jipya likiwa bado ndani ya plastiki yake.

Mama akakataa kulala ndani.

"Analala nje kando ya tangi la maji," Ekai akaniambia. "Kifua kimeanza kumkohoza, na mvua inakuja. Nikimwambia ingia, anasema nyeupe ni ya ndani ya yai, na yeye alishatoka."

Nikampenda huyo mama kabla sijamwona.

"Sasa anataka rangi gani?"

"Kahawia. Lakini nimeshanunua kahawia na ameikataa. Anasema lori la samaki likirudi juu Jumamosi anapanda, anarudi kwake."

"Kwake kwa nani?"

Ekai akakuna shingo. "Kwa hakuna mtu. Ndiyo nimekuja."

Mnaelewa sasa? Hatuzungumzii mapambo. Mama mzee, kifua kibovu, hana mbuzi, hana dada, anataka kurudi kukaa peke yake mahali ambapo hata wa kumchotea maji hayuko. Na kilichokuwa kati yake na hilo lori ni ukuta.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha tangi, shanga zimejaa shingoni, miguu imenyooshwa mbele, anamwangalia mwanawe kama mtu anayeangalia mvua ikipita mbali. Nikamwita Ata, kama tunavyowaita bibi zetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo tulisema Kiturkana, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye wa kuta?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Na huyo kambuzi mgongoni?"

"Ndiye msimamizi."

Akanyoosha mikono, akamchukua Naomi bila kuomba ruhusa, na kazi ikaanza.

Nilifungua ule mkebe alioukataa. Ilikuwa kahawia nzuri, nzito, ina wekundu kwa ndani kama chai ya turungi iliyokolea, isiyo na maziwa. Nikaipa jina Turungi, kwa sababu mimi namba za mikebe sizikumbuki, nakumbuka vitu vinavyonyweka. Nikapaka alama ukutani, nikaiacha ikauke. Ata akaja na Naomi kiunoni, akaangalia.

"Si huyu niliyemwonyesha kwa kidole," akasema. "Niliyemwonyesha alikuwa amelala kwenye vumbi. Huyu amenyeshewa."

Ekai akaruka. "Mama, ni namba ile ile! Mimi nilikuwa pale dukani ulipoionyesha kwenye chati!"

"Na mimi nilikuwa pale," akasema Ata, "na kidole kilikuwa changu."

Hapo nikajua pa kwenda. Mabinti, andikeni hili kwenye mkono wa kushoto ili mlione mkipaka kwa mkono wa kulia: katika mji huu, msichague rangi kwenye chati iliyoning'inia mlangoni mwa duka. Jua la Lodwar linakula rangi kama mbuzi anavyokula karatasi. Linaanza na wekundu, kisha linarudi kumalizia.

Nilimchukua mtoto wangu, nikaenda kwa Abdi wa hadiwea, muuza rangi, nikiwa nimewaka. Abdi ni Msomali, mtu wa mzaha, duka lake liko hapo barabarani na chati yake ilikuwa mlangoni tangu kabla mimi sijajua kusoma namba.

"Abaayo, dada yangu, mbona umekuja na uso wa polisi?"

"Umempa Ekai rangi gani?"

"Namba aliyotaka. Hii hapa, soma!"

"Namba nasoma. Na chati yako nitaisoma." Nikaifungua kutoka kwenye msumari. Pale juu palikuwa na kibanio cha chuma kilichobana ukingo. Nikakitoa. Chini ya kibanio kahawia ilikuwa nzito na nyekundu, Turungi kabisa. Nje ya kibanio, pote palipoona jua, ilikuwa kama turungi hiyo hiyo iliyotiwa kijiko kimoja cha maziwa ya ngamia.

Abdi akaangalia chini ya kibanio. Akaangalia nje ya kibanio. Akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Wallahi jua limekuwa likiuza rangi yake kwenye duka langu! Na hata kodi ya duka halilipi!"

"Cheka. Halafu unichanganyie hiyo ya jua."

Tulikaa naye karibu adhuhuri nzima. Tone la njano, kijiko cha nyeupe, kukoroga, kupaka kwenye kipande cha boksi, kusubiri ikauke, kubishana. Alinipigia kelele, nikampigia kelele, Naomi akalala kwenye gunia la saruji. Mwisho tukaipata. Nikaiita Kijiko. Na chati ile ilitundikwa ndani, ukutani, mbali na mlango, na mpaka leo iko hapo. Mkienda mnisalimie Abdi.

Sasa nimetaja kusubiri ikauke, na hapa lazima niwapeleke Kakuma kidogo, kwa mtu aliyenifundisha kusubiri. Nilikuwa sina subira kabisa. Hata sasa sina, ila ninayo ya kazi.

Mwalimu wangu alikuwa Mkongo, mkimbizi, tulimwita Baba Furaha. Alikuwa na shati moja jeupe la mikono mirefu, na alikuwa akipaka rangi ndani ya hilo shati. Si aproni, si koti. Shati jeupe, vifungo mpaka shingoni, na sikuwahi kuona tone. Sisi wanafunzi wake tulirudi nyumbani jioni kama kuku waliotumbukia ndoo, yeye akienda zake kama anaenda kubatiza.

"Mama, wewe unapaka ama unafukuza nzi?" alikuwa akiniuliza, hata kabla sijawa mama wa mtu.

Tulikuwa tukipaka madarasa. Mnajua kuta za madarasa, chini kahawia ili mikono na miguu ya watoto isionekane, juu nyeupe. Nilipewa ukuta wangu wa kwanza peke yangu. Mkebe mmoja nikaumaliza kabla ya chakula, mwingine nikaufungua baada ya chakula. Jina moja, namba moja, kiwanda kimoja. Zote zilipokuwa mbichi zilifanana. Kesho yake, ukuta ulikuwa na mstari uliosimama katikati, upande huu kahawia, upande ule kahawia nyingine iliyochoka. Watoto walikuwa wameshaupata. Walisimama mguu huku mguu kule wakiimba, "Hapa Kenya! Hapa Sudan! Hapa Kenya! Hapa Sudan!"

Nilitaka kuwafukuza kwa brashi. Baba Furaha akawaacha waimbe. Kisha akanionyesha pipa. "Minakuambia, mikebe yote unamwanga mule, unakoroga pamoja, ndiyo unaanza. Mikebe ni kama watoto ya mama moja. Jina ya baba iko moja, lakini sura?" Na kuhusu kulinganisha rangi alikuwa na sheria moja kubwa: rangi mbichi ni mwongo. Ya maji inakauka ikikolea zaidi. "Ngojea kwanza ikauke, kisha ndiyo tubishane," alisema, halafu anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kukunja shati lake mkono mmoja tu, mara moja, kama ishara kwamba sasa ni mapumziko.

Kwa hiyo kwa Ata nilifanya alivyonifundisha, na nanyi mtafanya hivi hivi au mtanijua. Usipake alama mbili ukutani kando kwa kando juu ya nyeupe. Nyeupe inaifanya kahawia yoyote ionekane nzito kuliko ilivyo, na zikikaa karibu zinasingiziana. Chukua vipande viwili vya mbao nyembamba ya dari, vyenye upana wa kutosha. Paka kila kimoja mara mbili. Viache vikauke kabisa. Kisha uvitembeze chumbani. Weka karibu na mlango, kwenye kona ya giza, nyuma ya kitanda. Angalia asubuhi, angalia mchana, angalia jioni, na uwashe taa, ile taa itakayotumika humo, kwa sababu balbu ya sola ya kwetu ni nyeupe na inaifanya kahawia iwe kama majivu. Na fungua mlango! Mchanga wa nje unarusha mwanga ndani. Chumba kinachotazama mchanga wetu kina rangi moja ya ziada ambayo hukuinunua.

Asubuhi nikaweka vibao vyangu viwili. Jua linaingia mlangoni, mchanga unawaka nje. Ata akakaa kizingitini, Naomi mapajani, akaangalia Turungi, akaangalia Kijiko.

"Huyu," akasema, akionyesha Kijiko. "Huyu ndiye wa vumbi."

Ekai akapumua kama tairi. Nami nikadhani nimemaliza. Nikaanza kufunika sakafu kwa magunia. Nikaloanisha ukuta kwa kitambaa, maana ukuta wa hapa ukiupaka ukiwa mkavu na moto unanyonya rangi na kila mkato wa brashi unaonekana. Nikaiweka ndoo kivulini na gunia bichi juu yake. Nikawa tayari.

Jioni, kabla sijapiga hata mkono mmoja wa rangi, Ata akaingia tena. Jua lilikuwa limegeukia upande wa pili wa nyumba. Akasimama kwenye ile kona ya kitanda, akatazama vibao.

"Huyu," akasema. Turungi.

"Ata, asubuhi ulisema yule."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi."

Kesho yake asubuhi: Kijiko. Jioni: Turungi. Siku iliyofuata vilevile, na kukohoa kwake nje kando ya tangi tulikuwa tukikusikia tukiwa chumbani. Mawingu yalikuwa yameanza kujenga upande wa ziwa. Ekai alikuwa akija na boza lake, analiacha likinguruma nje, anachungulia dirishani na kuuliza, "Amechagua?" kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mama, zote ni sawa tu!" akapiga kelele siku moja. "Mimi sioni tofauti!"

"Ndiyo maana mbuzi ulikuwa ukipoteza," akasema mama yake.

Nikacheka, lakini ndani nilikuwa nimeanza kuchemka. Ijumaa ikafika. Lori la samaki lilikuwa mjini tayari, limeshusha mzigo wake, tulilinusa. Dereva alikuwa amepita kumwambia Ata kwamba wanaondoka kesho asubuhi. Na Ata amekwisha funga kifurushi chake, kitambaa kimoja kilichofungwa mafundo manne, kiko kando ya tangi.

Ndipo nikalipuka. Si jambo la kujivunia wala si la kuficha, ndivyo nilivyo. Nilitupa gunia chini nikasema, "Ata! Unanichezea! Hutaki kahawia hii wala hutaki ile, unataka kwenda, na unavuta muda tu ili mwanao asilie! Basi sema! Sema hutaki chumba!"

Ekai akazima boza nje, akaja mlangoni. Naomi alitoa kidole mdomoni.

Ata hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyengoja kuulizwa na hatimaye mjinga mmoja ameuliza.

"Wewe mtoto umelelewa mjini," akasema. "Mama yako alikuwa akilala wapi mchana?"

"Mchana? Mchana hakuna anayelala."

"Ulizaliwa kwenye mabati, ndiyo maana." Akachukua kijiti, akachora mchangani mlangoni. Duara moja hapa, duara lingine pale. "Hii ni ekol. Ya mchana. Majani ya mkoma, upepo unapita, unakaa, unapika, unapokea wageni. Hii ni akai. Ya usiku. Ngozi juu, moshi umeingia kwenye ngozi, ndani giza na joto. Huwezi kulala kwenye ekol, mbu na baridi. Huwezi kukaa mchana kwenye akai, utaiva. Mwanamke anajenga zote mbili. Huyu," akamwonyesha Ekai kwa kijiti, "amenipa duara moja, la pembe nne, na anasema kaa humo mchana na usiku. Nichague nini? Nikichagua ya mchana, usiku nalala nje. Nikichagua ya usiku, mchana sina nyumba."

Mimi nilikaa chini kwenye saruji. Nikavitazama vile vibao viwili.

Kijiko kilikuwa majani makavu ya mkoma. Yale yale, mabinti, nendeni mkaangalie paa lolote kule nje. Na Turungi ilikuwa ngozi iliyokaa kwenye moshi miaka. Ata hakuwa anabadilisha mawazo hata mara moja. Asubuhi alikuwa akichagulia asubuhi, na jioni akichagulia jioni. Mimi ndiye nilikuwa nikimwuliza swali moja kwa nyumba mbili.

"Ata," nikasema, "kama nikikupa zote?"

"Zote wapi?"

Nikasimama. Nikatembea chumbani. Upande wa mlango na dirisha, pale mchanga unaporusha mwanga, nikaegemeza Kijiko. Upande wa kitanda, kona isiyoona jua, nikaegemeza Turungi. "Hapa ekol. Hapa akai. Mstari hapa, umesimama, kutoka dari mpaka sakafu."

Ekai akawa wa kwanza kupinga. "Mama Naomi! Hizi rangi zimefanana. Watu wakiingia watasema rangi iliisha katikati!"

Na kusema kweli, mabinti, alikuwa na haki. Nyekundu na nyeupe zikipakana, mtu anasema ni mapambo. Kahawia na kahawia zikipakana, mtu anasema fundi alikuwa mlevi. Nilifikiria jina langu mjini. Nilimfikiria Baba Furaha na shati lake. Nilifikiria watoto wa darasani wakiimba hapa Kenya, hapa Sudan.

Ata akauliza, "Hao watu watakaosema, wanalala humu?"

"Hapana, mama."

"Basi wakaseme wakilala kwao."

Nikaichukua tepu ya kubandika, nikaanza kuuweka mstari ukutani. Ata akaitoa mkononi mwangu. Akaubandua ule mstari wangu ulionyooka, akaweka wake, umbali wa hatua moja kuelekea kitandani, pale ambapo yeye aliona ni mwisho wa mchana. Kisha akavua bangili zake, akaziweka mapajani mwa Naomi, na akachukua brashi kubwa.

"Ata, acha, nitapaka mimi, ndiyo kazi niliyoitiwa."

"Wewe utanionyesha namna ya kuchovya."

Ekai akasogea. "Mama, hiyo ni kazi ya fundi. Hii nyumba nimeijenga mimi, wewe pumzika."

"Umejenga kuta," akasema mama yake. "Nyumba bado. Na mwanamume anatafuta nini hapa wakati wanawake wanajenga? Toka."

Akatoka! Mwanamume mzima, dereva wa boza, akatoka kama kuku aliyeonyeshwa ufagio, na alipofika nje nikamwona anacheka peke yake na kujifuta macho kwa fulana.

Nilimfundisha Ata kuchovya theluthi ya brashi tu, kupangusa ukingoni, kuvuta kutoka palipo bichi kwenda palipo pakavu. Aliyasikia mara moja, kisha akayasahau mara moja, akaanza kupaka kwa mkono wa kupakia ngozi mafuta, duara, duara, duara, kwa nguvu ya ajabu kwa mtu mwenye kifua. Majirani wawili wakaja kuchungulia, wanawake, wakaingia bila kuitwa, mmoja akachukua rola, mwingine akaanza kuimba. Nilipiga kelele, "Mnapaka dirisha! Hiyo ni swichi! Ninyi!" Hakuna aliyenisikiliza. Ni kazi moja tu maishani mwangu ambayo mwenye nyumba aliniweka mimi kushika ngazi. Naomi, aliyekuwa ndio anaanza kutembea, alikanyaga Kijiko iliyomwagika sakafuni na kwenda nayo mpaka upande wa Turungi, na hizo nyayo Ata alikataa zifutwe.

Jioni ile rangi ilipokauka nilisimama kizingitini. Mstari ulikuwepo ukiutafuta. Usipoutafuta, macho yalikuwa yakiingia mlangoni mchana na kufika kitandani jioni, bila kujua yamevuka wapi. Sijawahi kuona chumba kama kile, na nimepaka vyumba, na wala sikukipaka mimi.

Lakini kifurushi cha mafundo manne kilikuwa bado nje, kando ya tangi. Hakuna aliyekigusa, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika mapema na mtoto mgongoni, nikajisemea nimekuja kuchukua ngazi. Uongo. Nilikuja kuona. Lori la samaki lilikuwa limesimama mbele ya lango, linapiga honi, na harufu yake imefika kabla yake. Ekai alikuwa ameegemea boza lake, hajanyoa. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Ata akatoka.

Akakichukua kile kifurushi. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye lori. Ekai akafumba macho. Mimi nilibana mdomo, na mnajua kwangu hilo si jambo dogo.

Ata akamkabidhi dereva kifurushi kupitia dirishani.

"Hii ni ya aliyekuwa jirani yangu kule, yule aliyehamia ufukweni mnakopakia samaki," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza mitaa miwili isikie. "Chumvi na tumbaku. Mwambie ngozi yangu ya kulalia iko kwake, ile niliyoiacha. Ukirudi na samaki uilete. Usiiweke na samaki! Ukiiweka na samaki nitakurudisha nayo. Ile plastiki yenye godoro inanipigia kelele usiku kucha."

"Sasa wewe hupandi, Mama?"

"Nipande niende wapi? Nimejenga."

Dereva akapiga honi, lori likaondoka na vumbi lake. Ekai alijifanya anakagua tairi ya boza, na aliikagua muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia na kucheka pamoja, pua inatoka, Naomi ananipiga mgongoni kwa furaha bila kujua ni ya nini.

Ata akanipita akirudi ndani. Mlangoni akageuka.

"Wewe fundi," akasema, "mbona nyuma ya mlango hamkupaka? Njoo na hiyo ya mchana."

Nikaenda kuitafuta brashi.